Imani ya mwanariadha ipo kwenye ratiba yake

Tarehe 10 Agosti 2012, Meseret Defar wa Ethiopia alishinda mita 5,000 katika Olimpiki ya London, akaingiza mkono ndani ya fulana yake na kutoa picha ya Bikira Maria na Mtoto. Akaionyesha kamera, kisha akaishika usoni akiomba. Wengi wakiulizwa Ukristo unaonekana wapi katika michezo hukumbuka tukio la aina hiyo: picha, ishara ya msalaba, magoti kwenye lami, na kauli ya "Mungu ametenda" mbele ya maikrofoni.

Tukiishia hapo hatujaelewa kitu. Dua ya ushindi haimtofautishi mkimbiaji na mwenzake, kwa kuwa wote wawili huenda wameomba, na mmoja lazima awe wa pili. Imani humfinyanga mwanariadha mapema zaidi, katika mambo ambayo kamera haiyafuati: siku anayopumzika, anachokula na asichokula, usiku anaokesha, anakokimbilia akiumia, na anavyogawa pesa. Mambo hayo yakipangwa pamoja na kocha, imani humjenga. Yakiachwa yajipange yenyewe, hasa pale mchungaji hajui kinachoendelea kambini na kocha hajui kinachoendelea kanisani, mwili hulipa.

Chukua Iten. Mji huu uko kwenye ukingo wa Bonde la Ufa nchini Kenya, kwenye mwinuko wa takribani mita 2,400, na pale kanisa na riadha vimekua pamoja. Shule ya St Patrick's ilianzishwa na mabruda Wakatoliki wa shirika la Patrician kutoka Ireland. Mwaka 1976 alifika Bruda Colm O'Connell kufundisha jiografia. Hakuwa na cheti cha ukocha. Timu ya riadha aliikuta mikononi mwa Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster, Mwingereza aliyeshinda shaba ya mita 10,000 kule Montreal mwaka huohuo, naye akairithi. Katika shule hiyo walipita Ibrahim Hussein, aliyeshinda Boston Marathon mara tatu, Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na Matthew Birir, bingwa wa kuruka viunzi na maji mwaka 1992. Baadaye, katika kambi ya vijana ya bruda huyo, akalelewa David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 London mwaka 2012, rekodi ambayo dunia nzima bado inaikimbiza.

Mwinuko, chakula na ushindani wa vijana wa Elgeyo na Nandi vimeandikwa sana. Kinachosahaulika ni aina ya mtu aliyeshika saa ya kupimia. Mtawa ameweka nadhiri ya ufukara. Hana sababu ya kumharakisha kijana wa miaka 16 aingie mbio za barabarani akatafute zawadi, jambo ambalo limemaliza miguu ya vipaji vingi kabla havijafika miaka 22. Anaweza kusubiri. Anaweza kumwambia kijana mwenye kasi kwamba mwaka huu hatakimbia nje, asome, na kijana akaamini kwamba ushauri huo hauna asilimia ya mtu ndani yake. Nadhani huo ndio mchango mkubwa zaidi wa imani katika riadha ya Iten: subira ya kocha asiyengoja mgao.

Mchango wa pili ni Jumapili.

Ratiba ya vikundi vingi vya Iten inafanana. Jumanne ni uwanjani kwa mbio za kasi. Alhamisi ni fatleki, mara nyingi dakika moja ya kasi na dakika moja ya pole, ikirudiwa mara 20 hadi 25 kwenye barabara ya vumbi yenye milima. Siku moja ya wiki hutengwa kwa mbio ndefu za kilomita 30 hadi 38, na kwa vikundi vingi siku hiyo ni Jumamosi. Siku za katikati ni mbio za pole asubuhi na jioni. Mkimbiaji wa marathon hufikisha kilomita 160 hadi 200 kwa wiki. Jumapili, kwa wengi, hakuna mazoezi ya kikundi. Katika kambi ya Kaptagat, karibu na Eldoret, alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge kwa miaka mingi, wakimbiaji huondoka Jumamosi kwenda kwa familia zao na kurejea Jumatatu.

Kifiziolojia, pumziko hilo lina kazi. Misuli iliyotumia akiba yake ya wanga huhitaji saa 24 hadi 48 za kula vizuri ili ijae tena, na michubuko midogo ya nyuzi za misuli hujirekebisha wakati mtu ametulia. Hayo kila kocha anayajua. Ila kocha akisema "pumzika", kijana mwenye wasiwasi husikia "wenzako wanakimbia", naye huchomoka saa 12 asubuhi kuongeza kilomita 12 za siri. Pumziko linapokuwa amri ya Mungu, halina mjadala. Kijana hahitaji kumthibitishia mtu yeyote kwamba si mvivu. Wakimbiaji huvunjika zaidi kwa kuzidisha kuliko kwa kupunguza, na sheria isiyopatana na hofu ni kinga kubwa kuliko programu yoyote iliyoandikwa kwenye karatasi.

Kuna kasoro moja, na makocha wanaijua: Jumapili ya kanisani si lazima iwe ya kupumzika. Mtu anatembea kilomita 8 kwenda ibadani, anakaa kwenye benchi saa nne, anaimba kwaya, anabaki kwa harambee, kisha anaalikwa kwenye sherehe ng'ambo ya mto. Ametoka nyumbani na kikombe cha chai, na hadi saa 9 alasiri hajanywa maji. Jumatatu miguu ni mizito kuliko Jumamosi jioni. Aliye katika wiki nane za mwisho kabla ya marathon aende ibada ya kwanza, abebe chupa ya maji na ndizi mbili, na chakula chake kikuu kisisubiri sherehe za mchana. Mchungaji aliyeelezwa mapema hakasiriki mshiriki akiondoka baada ya mahubiri.

Sasa mbio zenyewe ziko lini? Tokyo, London, Berlin, Chicago na New York hukimbiwa Jumapili. Boston ni Jumatatu. Kwa hiyo mkimbiaji anayeshika Jumapili mwaka mzima hufanya kazi kubwa ya maisha yake siku hiyohiyo, mara mbili kwa mwaka. Makanisa mengi ya Bonde la Ufa yamekubaliana na hilo bila kelele, na Mkatoliki anaweza kuhudhuria misa ya Jumamosi jioni inayohesabiwa kuwa ya Jumapili. Lakini wapo waliokataa, na kisa cha Eric Liddell wa Uskoti husimuliwa vibaya kiasi kwamba somo lake linapotea.

Husemwa kwamba aligundua akiwa safarini kwamba michujo ya mita 100 ya Olimpiki ya Paris 1924 ilikuwa Jumapili, akakataa, kisha muujiza ukatokea kwenye mita 400. Ukweli ni kwamba ratiba ilijulikana miezi kadhaa kabla. Liddell alisema mapema kwamba hatakimbia tarehe 6 Julai, akajitoa pia kwenye mbio zote mbili za kupokezana vijiti, na akatumia miezi hiyo kujifunza kuimiliki mita 400. Akapata shaba ya mita 200, na tarehe 11 Julai, siku ya Ijumaa, akashinda mita 400 kwa sekunde 47.6, rekodi ya Olimpiki. Hapo ndipo alipo mfano wa kuigwa: dhamiri yake ilikuwa na kalenda. Aliwapa viongozi wake muda wa kumtafuta mwingine na akajipa mwenyewe muda wa kubadilisha mbio. Mwanariadha anayekataa kukimbia siku mbili kabla ya mashindano, baada ya tiketi kukatwa na nafasi ya mwenzake kupotea, anakuwa na imani ileile ya Liddell bila heshima yake kwa wengine.

Liddell huyohuyo alirudi China alikozaliwa, akafundisha, na akafa mwaka 1945 katika kambi ya Wajapani ya kuzuilia raia wa kigeni huko Weihsien. Kambini aliwasimamia vijana michezo, isipokuwa Jumapili. Vijana walipocheza magongo wenyewe wakaishia kupigana, alishuka uwanjani Jumapili iliyofuata kuwa refa. Aliyeacha dhahabu ya mita 100 kwa ajili ya siku hiyo aliilegeza kwa ajili ya watoto waliofungiwa nyuma ya waya. Sioni kigeugeu hapo. Naona mtu aliyejua siku hiyo iliwekwa kwa faida ya nani.

Tofauti naye ni Jonathan Edwards, mruka hatua tatu wa Uingereza. Alikosa mashindano ya dunia ya 1991 kwa sababu ya Jumapili, akabadili msimamo mwaka 1993, na mwaka 1995 akaruka mita 18.29 huko Gothenburg, rekodi ambayo haijavunjwa. Baada ya kustaafu alitangaza kwamba hana imani tena. Wanaotumia rekodi yake kama ushahidi wa baraka wana kazi ya kueleza sehemu ya pili, na wanaotumia sehemu ya pili kuonyesha kwamba imani haikuwa na maana wana kazi ya kueleza utulivu aliouelezea mwenyewe miaka aliyokuwa akiruka.

Kwa Wasabato hali ni ngumu zaidi, na hapa Kenya, hasa Kisii na Nyamira, si wachache. Sabato huanza jua linapozama Ijumaa, yaani karibu saa 12 na nusu jioni kwetu, hadi wakati uohuo Jumamosi. Mbio nyingi za nyika na za shule hupangwa Jumamosi. Kijana Msabato mwenye kipaji huweza kumaliza shule bila kuonekana na mteuzi yeyote. Njia yake ipo kwenye barabara: marathon na nusu marathon nyingi za kimataifa ni Jumapili, siku ambayo kwake ni huru kabisa. Kocha mwenye akili humwelekeza huko mapema, humtafutia mashindano ya Jumapili ya kupata muda, na huhamishia mbio ndefu za kikundi Jumapili asubuhi kwa wale wachache. Kumlazimisha kijana huyo achague kati ya kanisa na timu akiwa na miaka 15 ni kumpoteza, kwa sababu mara nyingi atachagua kanisa.

Nije kwenye sahani, ambako makosa ni mengi.

Kanisa la Orthodox la Ethiopia lina siku za mfungo zaidi ya 180 kwa mwaka kwa muumini wa kawaida: karibu kila Jumatano na Ijumaa, na Kwaresima Kuu ya siku 55. Hakuna nyama, maziwa, siagi wala mayai, na kwa wanaoshika kikamilifu hakuna kula hadi alasiri. Mwaka 2024 Pasaka yao iliangukia 5 Mei. Maana yake mfungo ulianza 11 Machi, na Boston ya 15 Aprili na London ya 21 Aprili zote zilikuwa ndani yake. Wiki nzito kuliko zote za maandalizi ziliangukia siku za kutokula asubuhi.

Aina ya chakula si tatizo kubwa. Mkimbiaji wa kilo 55 katika mazoezi mazito anahitaji takribani gramu 8 za wanga kwa kila kilo, yaani gramu 440 kwa siku, na protini gramu 1.6 kwa kilo, yaani gramu 88 hivi. Injera humpa wanga bila shida. Protini hutoka kwenye shiro, mchuzi wa unga wa dengu, na kwenye adesi. Gramu 100 za unga wa dengu zina protini gramu 20 na kitu, na gramu 400 za adesi zilizopikwa zina 36. Zilizobaki huletwa na injera yenyewe, karanga na maharage. Ni chakula kingi kukimeza, lakini kinawezekana. Madini ya chuma yanahitaji uangalifu: ya mimea hufyonzwa kwa shida, kwa hiyo nyanya, limau au chungwa ziwe kwenye mlo, na kahawa au chai isogezwe saa moja mbali na chakula. Kipimo cha damu cha akiba ya chuma kabla ya mfungo na baada yake kinagharimu kidogo kuliko msimu uliopotea.

Tatizo liko kwenye saa. Mazoezi ya saa 12 asubuhi yakifuatwa na njaa hadi saa 9 alasiri, misuli hukosa muda wake bora wa kujaza akiba, na jioni tumbo moja haliwezi kupokea chakula cha siku nzima. Suluhisho liko ndani ya kanisa lenyewe. Kila muumini ana baba wa kiroho, padri anayemwungamia, na padri huyo ana mamlaka ya kumlegezea saa bila kumwondolea mfungo. Mkimbiaji anayekwenda kwake kabla ya Kwaresima na ratiba mkononi, akaomba ruhusa ya kula uji wa shayiri na tende baada ya mazoezi ya asubuhi huku akiendelea kuacha nyama na maziwa, anabaki mtiifu. Anayefanya siri, ama kwa kula akijificha au kwa kufunga hadi azirai, ana mzigo wa aina mbili.

Kwetu, katika makanisa ya Kipentekoste ya Kenya, Tanzania na Uganda, mfungo hauna kalenda ya kale. Hutangazwa madhabahuni: siku tatu kavu, au siku 21 za Januari. Angalia tarehe hiyo. Anayekimbia London au Boston mwezi Aprili huanza maandalizi yake wiki 12 hadi 16 kabla, na Januari ndiyo mlango wenyewe. Kukimbia kunatumia takribani kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 55 akikimbia kilomita 30 ameteketeza kalori 1,650 hivi. Ini lake huweka wanga wa karibu gramu 100, sawa na kalori 400, na akiba hiyo hupungua sana kwa usiku mmoja wa kutokula. Siku ya pili ya mfungo kavu mwili unajichimba wenyewe. Kwa wasichana dalili ya kwanza ni hedhi kukatika, na wengi hulichukulia hilo kuwa jambo la kawaida la wakimbiaji, hata kuwa nafuu. Ni kengele ya hatari. Mwili usiobakiwa na kalori 30 kwa siku kwa kila kilo isiyo ya mafuta, baada ya kutoa zilizotumika mazoezini, huanza kuzima mifumo, na mfupa ni mmoja wa vinavyoachwa nyuma.

Simwambii mtu asifunge. Namwambia kwamba baada ya marathon kuna wiki mbili au tatu ambazo kocha mwenyewe anamkataza kukimbia, na hizo ndizo wiki za kufunga. Aliyekimbia New York mwanzoni mwa Novemba afunge Novemba. Aliyekimbia London afunge Mei. Mchungaji akimwona hayumo kwenye orodha ya Januari, aambiwe sababu, na ampe zamu yake.

Kesha nalo lina hesabu zake. Mkesha wa Ijumaa huanza saa 3 usiku na kuisha saa 11 alfajiri, na Jumamosi saa 12 kikundi kinaondoka kwa kilomita 35. Mtu akikimbia hivyo bila usingizi, mwendo hushuka, mguu hukosa umakini kwenye mawe, na misuli ya nyuma ya paja ndiyo hukatika. Akikesha, mbio ndefu ihame siku nyingine ya wiki. Kuiacha kabisa ni bora kuliko kuikimbia.

Kuna hatari nyingine ya kesha ambayo wachungaji wengi hawajawahi kuisikia. Mwanariadha aliye kwenye orodha ya wanaopimwa dawa za kusisimua misuli nje ya mashindano hutakiwa kutaja, kwa kila siku ya mwaka, mahali anapolala na dakika 60 atakazopatikana bila kukosa, kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku. Wengi huchagua saa 11 hadi 12 alfajiri, kwa kuwa wanajua watakuwa kitandani. Akikesha kanisani, wapimaji wanagonga mlango mtupu. Akihudhuria makambi ya Wasabato ya wiki nzima, au kongamano la siku nne Nakuru, bila kubadilisha taarifa kwenye simu, ni vilevile. Makosa matatu ndani ya miezi 12 yanahesabiwa kuwa ukiukaji, na adhabu ni kufungiwa hadi miaka miwili, hata kama damu yake ni safi kabisa. Kabla ya kubeba Biblia na shuka, abadilishe mahali. Ni dakika tatu.

Na ajihadhari na anachopewa huko. Kanuni ya kupinga dawa hizo ni kwamba mwanariadha anawajibika kwa kila kilichokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Mtumishi wa Mungu akimpa chupa ya dawa ya mitishamba isiyo na lebo, nia yake njema haitasomwa maabara. Hata cha kupaka: Therese Johaug, bingwa wa kuteleza kwenye theluji kutoka Norway, alifungiwa miezi 18 kwa krimu ya midomo aliyopewa na daktari wa timu, akakosa Olimpiki ya 2018. Mafuta ya upako yakiwa mafuta ya zeituni tu, hakuna shida. Yakiwa yamechanganywa na kitu cha kuponya maumivu, yasiguse ngozi.

Kuhusu udanganyifu wa makusudi, Maandiko hayana utata. Paulo, aliyewaandikia Wakorintho waliokaa jirani na michezo ya Isthmia, alimwambia Timotheo kwamba mshindani hapewi taji asiposhindana kwa halali. Kenya imekuwa na zaidi ya wanariadha mia moja waliofungiwa tangu miaka ya 2010, wengi wao wamekulia Jumapili kanisani. Inauma kulisema, lakini mahubiri yanayopima baraka kwa gari na jumba yamechangia. Kijana aliyeambiwa kwamba umaskini ni laana huona sindano ni njia fupi ya kuondoa laana. Na kwa aliyekwisha kuanguka, toba ina tarehe: anayekiri na kukubali adhabu ndani ya siku 20 baada ya kushtakiwa hupunguziwa mwaka mmoja katika adhabu ya kufungiwa miaka minne. Mchungaji anayemshauri akane na kuomba muujiza anampotezea mwaka huo.

Majeraha. Maumivu ya sehemu moja kwenye muundi, yanayouma ukigusa kwa kidole kimoja na yanayozidi kila unapokimbia, mara nyingi ni mfupa unaopasuka taratibu. Tiba yake ni kuacha kukimbia wiki sita hadi nane. Maumivu ya kinena kwa mkimbiaji wa masafa marefu yanaweza kuwa ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja, na huo ukipuuzwa huvunjika kabisa na kuhitaji upasuaji. Hayo hayatoki kwa jirani aliyeroga. Kuombewa ni haki ya kila mgonjwa, lakini ombi na kipimo cha MRI havigombani. Anayeambiwa akimbie kwa imani ili kuthibitisha uponyaji wake anatumwa kuvunja mfupa.

Pesa niziguse kwa mfano mmoja. Mshindi wa Boston hupata dola 150,000. Marekani hukata kodi ya asilimia 30, dola 45,000. Wakala huchukua kwa kawaida asilimia 15, dola 22,500. Zinabaki 82,500 kabla ya kocha, daktari na kambi, na hazifiki mfukoni hadi majibu ya vipimo yatoke, jambo linaloweza kuchukua miezi. Fungu la kumi likihesabiwa kwenye kilichotangazwa kwenye televisheni ni dola 15,000, zaidi ya asilimia 18 ya kilichobaki. Likihesabiwa kwenye kilichopokelewa ni 8,250. Wakristo wanatofautiana kuhusu njia ipi ni sahihi, na sitawaamulia. Ila kanisa lisimsimamishe mbele Jumapili ya kwanza baada ya mbio kutangaza ahadi ya paa jipya kwa pesa ambazo hazijaingia. Wapo waliokopa ili watimize ahadi hiyo.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote haya. Agnes Tirop wa Kenya aliuawa nyumbani Iten mwezi Oktoba 2021, mwezi mmoja baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake pekee. Rebecca Cheptegei wa Uganda alimwagiwa petroli na kuchomwa Jumapili ya 1 Septemba 2024 huko Endebess, alipotoka kanisani na watoto wake, akafa siku nne baadaye. Nyuma ya visa vingi vya wakimbiaji wanawake kuna shamba, hati na akaunti. Mwanamke anapokimbia na kulipwa, na mwanamume akawa mume, kocha na mshika pesa kwa pamoja, mwanamke huyo hana mahali pa kukimbilia isipokuwa kanisani. Huko mara nyingi huambiwa avumilie.

Neno hilo lazima liondoke kwenye vinywa vya wachungaji wa ukanda wa riadha. Mke anayesema anapigwa au anatishwa apelekwe mahali salama siku hiyohiyo, taarifa iandikwe kwenye dawati la jinsia la polisi, na suluhu isiitishwe na yeyote mpaka awe amehama. Na kabla ya ndoa ya mkimbiaji kufungwa, mafunzo ya wachumba yaulize wazi, mbele ya wote wawili: hati ya shamba ina jina la nani, nani anatia saini kwa wakala, namba ya siri ya benki anayo nani, na kocha wake akiwa ndiye bwana harusi, nani mwingine ataona mkataba wake.